Washa Mbili Zilizoshikana

Baba, shikamoo.

Marahaba yako nimeisikia hukuhuku, maana wewe huitoa kwa sauti hata mtu akiwa mbali kule Nanganga. Mama, shikamoo na wewe. Tena Mama, barua hii isome wewe, kwa sauti, Baba akiwa ameketi. Usimwachie aende nayo barazani peke yake, na ukifika pabaya usiruke. Nawaulizia afya zenu, mikorosho kama imetoa maua, na kile kidole cha Baba alichojikata na panga. Baba, ulisema panga lilikuwa na makali mno. Panga lile nalijua, halikati hata mhogo uliochemshwa!

Mimi mzima wa mwili, ila roho haitulii. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara tatu, nimekwenda dirishani, nimerudi. Mzee Ouma leo yuko hospitali na mimi niko peke yangu kwenye meza ya kazi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu habari zake ni zako.

Mzee Ouma ndiye fundi aliyenipokea hapa Nairobi na kunifundisha kazi. Wengine nikisema shikamoo wananicheka, yeye anaitikia mpaka mtaa wa pili. Kazi yetu ni lenzi za sinema. Nyingi ni za zamani, za enzi za kamera za mkanda, nasi tunazifunga kwenye kamera za kisasa za kidijitali. Usidhani ni kukaza skrubu tu. Kutoka pale lenzi inapokaa mpaka kile kijisahani kinachopokea picha ndani ya kamera pana kipimo, na kipimo hicho hakitaki mchezo. Tunakirekebisha kwa washa, pete za bati nyembamba kuliko lile ganda la ndani la korosho. Ukizidisha washa moja, lenzi inakaa mbali kidogo. Mtu wa karibu utampata vizuri, lakini mlima wa mbali utazungusha lenzi mpaka mwisho na hautakaa sawa, unabaki kama umefukizwa moshi.

Sasa Mzee macho yamemwishia. Niligundua wakati wa masika. Anachungulia kwenye darubini ya kupimia, anasema, "Safi kama maji ya mtungi!" Nikichungulia mimi, naona ukungu mtupu. Nifanye nini? Wewe umenilea kwamba mkubwa hasahihishwi. Basi akienda kunywa chai nafungua harakaharaka, narekebisha, nafunga. Akirudi namwambia, "Mzee, umeipata barabara." Anafurahi, nami najiona nina adabu kweli.

Mwezi uliopita mteja alisimama palepale akingoja lenzi yake. Mzee akafunga, akapima, akasema safi, mteja akaondoka nayo. Chai yenyewe ilikuwa haijachemka. Nilimwona anatoka mlangoni, nami nikaendelea kufuta meza. Wakaenda kaskazini kupiga filamu yao siku sita, wakarudi na milima yote ina ukungu.

Baba, lawama ikamwangukia Wanjiru. Huyu ni mama wa watoto wawili, na kazi yake ni kuzungusha lenzi kamera inapopiga, ili picha isiingie ukungu. Wakasema alisinzia kazini. Bosi wetu akauliza mbele ya watu nani aliyeipima lenzi. Mzee akajibu, "Mimi, na ilikuwa safi." Bosi akanigeukia, "Neema, na wewe uliona?" Nikaangalia chini. Nikasema, "Mzee amesema ilikuwa safi." Wanjiru akaambiwa asirudi tena. Aliniangalia tu, akachukua mkoba wake.

Siku mbili nilikwepa kabati la lenzi. Ya tatu asubuhi nikaifungua ile lenzi mbele ya Mzee mwenyewe. Palipotakiwa washa moja palikuwa na mbili, zimeshikana kwa mafuta. Nikazibandua kwa ukucha, nikamwekea kiganjani.

"Mzee, naomba uhesabu."

Akazisugua kwa vidole muda mrefu, hata hakuziangalia. "Mbili," akasema. Halafu akaniuliza, "Umejua tangu lini kwamba sioni?"

"Tangu masika."

Nilijua atanipiga kibao. Wala. Akasema polepole, "Miezi yote hiyo unanifunika tu? Umeniacha nimharibie mama wa watu kazi yake, halafu asubuhi unaniamkia shikamoo?"

Akavaa koti, akaenda kwa bosi mwenyewe, akasema yote. Wanjiru alirudi Jumatatu. Bado hanisalimii vizuri, na ana haki. Mzee naye daktari amemkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na leo ndiyo wanampasua jicho la kwanza. Simu imelia sasa hivi, nimeruka nusura nimwage wino. Kumbe mteja.

Sasa ni zamu yako, Baba. Mama, soma, usiruke.

Krismasi nilipokuja nyumbani Lulindi, ulisimama kanisani ukasoma somo kama miaka yote. Ulisoma Isaya bila kukosa hata neno. Watu walipotoka nikaenda kuifunga Biblia, nikaikuta imefunguliwa kwenye Zaburi. Nikakufuata nje nikakuambia, "Baba, umesoma vizuri." Ukanishika bega. Kila nikilikumbuka bega lile naona aibu.

Tangu hapo nimekuandikia kwa herufi kubwa kama za ubaoni darasa la kwanza, nikasingizia kalamu. Nikakueleza kwamba naumwa homa, ukajibu kwamba umesoma yote na unafurahi kusikia kwamba mimi mzima. Kwenye simu nikigusia macho, unasema mtandao mbovu, unakata. Barua huwezi kuikata.

Kaka Yohana nimeshazungumza naye. Jumamosi akitoka Chidya atakuja kukuchukua, mtaamkia hospitali ya misheni. Ukasirike ukipenda. Macho yako sijui yana nini, huenda ni mtoto wa jicho kama Mzee, huenda ni kitu kisichongoja, na hapo ndipo ninapoogopa. Nilikuwa nakuheshimu vibaya, Baba. Nisamehe.

Nisalimieni mdogo wangu Upendo, aache kukusaidia, Baba, kudanganya kwamba unaona. Nisalimieni shangazi wa Newala, na mwambieni ming'oko aliyonipa, vile viazi vya porini, iliisha siku ya pili, wenzangu wa hapa waliigombania.

Mama ameshaona kwamba safari hii nimerudia mwandiko wangu wa zamani, ule mdogo ambao wewe, Baba, mwalimu wangu, ulikuwa ukinichapa kwa ajili yake darasani. Akimaliza kusoma aiweke kabatini. Ukitoka hospitali, itoe uisome mwenyewe, tena na kalamu yako nyekundu mkononi. Kila kosa utakaloliona, lisahihishe, halafu nirudishie hii hii. Naingoja.

Mwanao asiyetulia,
Neema