Vigelegele vya Palizi

Ipagala, 20 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua cha baba kimetulia? Mimi mzima, na leo nimerudi ofisini. Ajabu, kiti hiki kinaniumiza mgongo kuliko likizo nzima ya palizi. Elieth, tunayekaa naye chumba kimoja, aligeuza viganja vyangu akasema, "Dada, ulikwenda likizo au kifungo?" Lakini mama, nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nafungua faili, nasikia harufu ya udongo wa Busi.

Mwambie jirani yetu, Mama Nurdini, nashukuru kwa lile jembe. Sikutegemea kupewa jembe jipya kabisa. Na wale kina mama walivyopiga vigelegele nilipolima nalo papo hapo! Eti mtu wa ofisini kashika mpini.

Mwanao,
Munira

Busi, 24 Januari

Munira mwanangu,

Marahaba. Alhamdulillahi, baba yako anakohoa kidogo tu, na mahindi yamefika magotini. Paka mafuta ya alizeti viganjani.

Jana baada ya Alasiri walikuja wazee wa kina Nurdini. Baba yako akawauliza, "Mmekuja kuposa?" Wakacheka. "Posa ilishajibiwa shambani, Mzee Masudi. Binti kapokea jembe la mama mkwe, kalima nalo mbele ya wanawake. Sisi tumekuja kupanga siku."

Wanasema iwe baada ya Idi. Nurdini ni kijana mtulivu, na nyumba yake ameshaezeka. Unaonaje?

Mama yako

Ipagala, 24 Januari

Mama,

Shikamoo. Nimesoma ujumbe wako nikiwa nimesimama kwenye korido. Mkuu wangu, Bi Evarista, akaniuliza nani amefariki. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi kaa chini, umepauka."

Kuposwa? Mimi? Na Nurdini tulizungumza habari za panya wanaofukua mbegu, basi. Kumbe vile vigelegele vilikuwa vya ndoa yangu, na mimi nikawa nacheka! Nilikwenda shule ya bweni nikiwa mtoto. Nimefundishwa mengi, lakini hakuna aliyeniambia kwamba jembe linaongea.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa mstari wa pili, umejifunga kanga ya njano. Mama, nawe ulipiga vigelegele? Nijibu hilo tu.

Munira

Busi, 9 Februari

Mwanangu,

U mzima? Nimekawia, maneno yalikuwa yananikimbia.

Nilipiga. Nilijua kwamba hujui. Nilikuwa nakusikia ukiimba katikati ya mahindi, nikasema huyu sasa amerudi kwetu. Nikasema akitaka kukataa atakataa mwenyewe, mimi nisimzuie kulishika jembe. Sina jingine la kujitetea.

Baba yako alitaka kulirudisha jembe. Wazee wakasema halirudishwi ila na aliyelipokea. Juzi Nurdini akaja peke yake, akalichukua pale ukumbini. Akaniambia, "Mama, mimi sitaki mke wa kuviziwa. Mtu hafungwi kwa jambo asilolijua." Akalibeba begani mchana kweupe, watu wanatazama. Mama yake hanisalimii tena, na wenzake wamesema kwenye mavuno tusiwategemee.

Uko huru, mwanangu. Lakini njoo kuvuna, nakuomba.

Mama yako

Ipagala, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Baba anaendeleaje? Msalimie Nurdini. Mwambie kaniheshimu kuliko watu wa nyumbani kwangu.

Nitaomba ruhusa nije kuvuna, maana nyinyi wawili hamtaweza peke yenu. Ila mshtuko haujanitoka. Jana Elieth kaniletea karanga, nikabaki namtazama mpaka akauliza, "Kwani zina sumu?"

Nikifika huko, mama, usije ukaumia moyo. Kila utakachonipa nitauliza kwanza ni cha nini. Hata maji.

Mwanao,
Munira