Meno ya Mama Mkwe

3 Machi

Mama mkwe wangu,

Shikamoo Mama. Habari za huko, habari za kazi? Sisi hatujambo. Binti yako anakusalimu, anasema usisahau dawa ya presha. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa kazini unashinda na simu ya hospitali sikioni, na nyumbani hutaki hata kuisikia ikilia.

Ndani ya mzigo huu kuna vifuniko vyako vya plastiki vya kunyooshea meno, vile ulivyoagiziwa na daktari wa meno wa hapo hospitalini kwenu baada ya jino lile kung'olewa na majirani zake kuanza kuegemeana kama walevi. Zamani hapa maabara tulivikata kwa mkono. Sasa tajiri wetu ameleta mashine inayoongozwa na kompyuta, na kuipanga programu yake nimeachiwa mimi. Naionyesha ufizi unaanzia wapi, naiambia kisu kina ukubwa gani na kiende kasi gani, halafu kisu kinazunguka meno kikilia kama mbu.

Wewe ndiye wa kwanza kuvaa kazi ya mashine hii. Kwenye sanamu ya plasta ya meno yako vimekaa sawasawa, lakini sanamu haisemi. Vivae, uniambie ukweli. Tajiri akiridhika tutaanza kuwakatia wagonjwa wote, na mimi nitatoka kwenye majaribio niwe mwajiriwa.

Mkweo

8 Machi

Mkwe wangu mpendwa,

Marahaba baba. Mimi ni mzima wa afya, sina la kulalamika. Vifuniko vimefika. Vizuri mno! Vimenikaa kama nilizaliwa navyo. Mwambie tajiri wako sina neno. Mungu aibariki mikono yako. Mbusu binti yangu.

Mama mkwe wako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeajiriwa! Tajiri alisoma maneno yako akacheka, akasema, "Washa mashine." Tangu asubuhi inakata. Binti yako anaimba jikoni, hata majirani wamegonga ukuta. Asante Mama, asante sana.

Mkweo

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Binti yako alipiga simu ukasema una wageni. Alipopiga tena ukasema unatoka. Kama tumekukosea, tuambie. Seti ya pili ya vifuniko vyako iko tayari.

Mkweo

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sisemi kwamba ni mzima, maana si mzima. Ile seti yako inaniuma. Iliniuma tangu siku ya kwanza. Makali yake yanapanda juu ya ufizi na kuuchoma, hadi pakatoka kidonda. Niliivua, nikaificha kabatini.

Kwa nini nilikudanganya? Mkwe anakuletea zawadi ya jasho lake, na kazi yake inategemea neno lako. Utamwambia imekuchoma? Nikajisemea nitavumilia. Kuna methali inaanza na "mficha". Unajua inavyoishia, mimi mkweo siwezi kukuandikia.

Jana akaja dereva mmoja wa lori, ameshika shavu, mkononi ana mfuko wa maabara yenu. Chumba cha daktari wa meno kiko ubavuni mwa meza yangu, na mlango haufungi vizuri. Nikamsikia daktari akimwambia, "Hupigi mswaki vizuri, ndiyo maana fizi zimevimba."

Dereva akajibu, "Daktari, mimi napiga mswaki kuliko navyochana nywele."

"Basi piga tena."

Akatoka ameinamisha kichwa kama mtoto aliyechapwa. Nikamwita pembeni, nikafunua mdomo wangu. Nikamwambia, "Kaka, tazama." Naye akafunua wake: kidonda mahali palepale! Akanitazama, akasema, "Kumbe si uchafu wangu." Mwanangu, sauti yake iliniumiza kuliko huo ufizi. Nikaona nikinyamaza, nitakuwa nimekulindia kazi kwa vinywa vya watu.

Nisamehe. Simamisha mashine.

Mama mkwe wako

30 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole, pole sana kwa kidonda.

Nilipomaliza kusoma nilizima mashine, nikaenda kwa tajiri. Nilijua ataniambia nikusanye vitu vyangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wangapi wameshavaa?" Akaivuta simu, akaanza kumpigia mgonjwa mmoja mmoja, yeye mwenyewe, akiomba radhi na kuwaambia wavivue. Mimi nikabaki nimesimama. Akafunika simu kwa kiganja: "Unangoja nini? Nenda katafute kosa."

Nimelipata. Programu inauliza nusu ya upana wa kisu, ili ijue kisu kipite mbali kiasi gani na mstari wa ufizi. Mimi nikaandika upana wote. Basi kisu kikapita mbali mno, na kila kifuniko kikabaki na ukingo mrefu. Kwenye sanamu sikuona kitu, maana sanamu haina nyama ya kuuma. Kisanduku kimoja tu cha kujaza kwenye kompyuta, Mama!

Tunakata upya vyote, bure. Tajiri amempigia pia daktari wenu. Kazi bado ninayo. Ungenyamaza mwezi mmoja zaidi, sijui ni wangapi wangeumia, na sijui ningewatazamaje watu. Nakushukuru, na binti yako anakushukuru, ingawa anasema atakuja kukugombeza.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, na safari hii ni kweli.

Dereva wa lori alirudi. Daktari alimfuata hadi kwenye meza yangu, akamwambia mbele za watu, "Nilikulaumu bure." Yule bwana aliondoka kifua mbele, nikadhani atagonga mlango.

Vifuniko vipya nimevivaa wiki nzima. Ufizi umepona. Nashukuru, baba. Uliniomba ukweli ukauchukua bila kununa. Wakwe wa namna hiyo hawauzwi dukani.

Sasa nisikilize. Kifuniko cha chini, kushoto, kwenye jino la mwisho, kuna kipembe kinanikwaruza ulimi kila nikisema "subiri kidogo", na kazi yangu kutwa ni kusema subiri kidogo. Nakirudisha kwa basi la kesho. Kilainishe vizuri, usinifanyie haraka haraka.

Mama yako