Futi Yangu Kwenye Dubwi

Mjukuu wangu Idi,

Shikamoo yako imefika hapa Ilala, marahaba. Goti la bibi yako limepona, sasa anagombana na kila mtu kama zamani.

Umeniuliza kama mashine ya kamari, hilo dubwi, likikaa muda mrefu bila kutoa ndiyo limeshiba na litatapika. Nami niliamini hivyo nilipokuwa fundi cherehani Kariakoo. Siku moja sarafu ziliniishia. Nikalifunga dubwi kwa futi yangu ya kupimia nguo, mtu asije akakaa kulicheza, nikakimbia kutafuta sarafu nyingine. Kurudi, mwenye dubwi amelifungua, anakomba sarafu kwenye ndoo.

"Fundi," akasema, "futi yako hii hapa."

Kumbe lilikuwa limeshiba kweli, ila mlaji si mimi.

Yapo madubwi yanayotoa kidogo kidogo, yapo yanayonyamaza siku nzima kisha yakamwaga. Hakuna linalokumbuka ulilitia nini. Tangu hapo nilipanga kabla sijatoka nyumbani: sarafu tano, zikiisha naondoka, nikipata naondoka. Nawe una mshahara wako sasa. Panga kabla hujasikia muziki wa dubwi. Siku utakayoshindwa kuondoka, usirudi tena.

Futi ile ningali naivaa shingoni. Sijaifunga tena popote.

Babu yako