Friza Iliyonunuliwa Kama Ngamia

Jumanne, 4 Februari

Friza imekufa. Haikuugua kwanza, haikukohoa. Asubuhi Osob kafungua mfuniko, harufu ikampiga usoni. Maziwa yote ya ngamia ya tangu juzi yameharibika.

Osob, mke wangu, akikasirika hupunguza sauti. Leo alinong'ona. Mwenye hoteli iliyo karibu na msikiti ameahidi kununua maziwa yake Ramadhani yote, mradi yafike baridi. Na Ramadhani hiyo inakuja.

"Maalim," akaniambia, "nenda kwa Shuaib. Arudishe pesa au atoe friza nyingine."

Nikasema haye, nitaenda. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua la kufanya.

Jumatano, 5 Februari

Fundi kaja. Kakwangua kompresa kwa bisibisi: juu rangi nyeusi inang'aa, chini kutu. Kuukuu iliyopakwa rangi ikauzwa kama mpya. Mchezo huu naujua kwa ngamia. Kuna watu humpaka ngamia mzee mafuta siku ya soko mpaka anafanana na bwana harusi.

Ndiyo maana nilimchukua Dubow.

Niyaandike hapa, kwa sababu nje nachekwa. Mimi, mwalimu mwenye mvi, nilienda kununua friza na dalali wa ngamia. Baba alikuwa mtu wa mifugo. Aliniusia nisinunue kitu kikubwa bila dalali, kwa kuwa dalali ndiye dhamana: mnyama akionekana ana ila, unamrudia dalali, na yeye ndiye anayejua la kufanya. Dubow ni rafiki yangu na sokoni hakuna anayemshinda kwa uaminifu. Alifanya kazi yake yote. Aliizunguka friza, akaigonga ubavuni, akainama kuchungulia chini kana kwamba anataka kujua ni dume au jike. Kisha yeye na Shuaib wakashikana mikono chini ya shali, wakapatana bei kwa vidole. Nikamtumia Dubow pesa kwa simu, naye akampa Shuaib. Ndivyo inavyofanywa sokoni.

Risiti hakuna aliyeitaja. Nani humdai ngamia risiti?

Alhamisi, 6 Februari

Nimefika dukani kwa Shuaib. Kijana mzuri, ndevu zimechanwa, meza imejaa simu. Akanipa kiti, akaniita adeer kama ami yake, akaagiza chai yenye iliki.

"Adeer, mimi sikukuuzia wewe kitu. Nilimuuzia Dubow. Dubow akiwa na neno, mlango uko wazi."

"Lakini nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Ulisimama, adeer, na tulifurahi kukuona."

Akaniongeza chai. Sijawahi kukataliwa kwa adabu kiasi hicho. Nilikuwa nimeshashika njia ya nyumbani ndipo nikagundua nilimshukuru.

Osob kaniuliza nimerudi na nini. Nikasema chai ilikuwa tamu. Jibu baya.

Jumatatu, 10 Februari

Baada ya vipindi nimeenda ofisi inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Nyuma ya meza nani? Kowsar! Nilimfundisha insha. Zamani alikuwa mtu wa sentensi tatu na nukta. Sasa ana maswali kama askari wa kizuizi.

"Risiti, mwalimu?"

"Hakuna."

"Ulilipaje?"

Nikampa simu. Akausoma ujumbe, akanitazama kwa huruma ile ile niliyokuwa nikimtazama nayo yeye.

"Mwalimu, hapa aliyepokea pesa ni Dubow. Nikiliandika lalamiko hivi, barua inaenda kwake."

"Usiiandike! Dubow hana kosa."

"Basi aje yeye aseme friza ilitoka duka la Shuaib. Awe shahidi wako. Hapo nina pa kuanzia."

Rahisi. Nimetoka nikijiona mtu mwenye kesi.

Jumanne, 11 Februari

Si rahisi.

Nimemkuta Dubow sokoni, kaegemea fimbo kati ya ngamia waliotoka upande wa Diff. Nilimficha habari hii wiki nzima. Nikamweleza taratibu, kutu na yote. Hakunikatiza.

"Shahidi?" akasema mwishoni. "Maalim, shahidi ni mtu aliyekuwa anapita. Mimi nilikuwa napita?"

Nikamwambia ni maneno ya ofisini tu.

"Mimi ndiye dhamana. Leo nikiandika kwamba niliona tu, kesho nani atanunua mnyama kwa mkono wangu? Watasema Dubow hujitoa mambo yakiharibika."

Kisha akaniuliza Osob huuza maziwa kiasi gani kwa siku, na hoteli inataka kuanza lini. Nikamjibu yote, mpumbavu mimi. Nilidhani anapiga soga.

Alhamisi, 13 Februari

Mwenye hoteli kauliza tena. Jibu analitaka kabla ya Jumatatu, la sivyo atachukua kwa mama mwingine. Osob kanong'ona mpaka sikumsikia kabisa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudi nyumbani kuchukua maji. Naandika huku mtungi ukijaa, na mfereji wetu wa mtaa wa Waberi hauna haraka.

Asubuhi nimefungua geti nikakutana na ngamia, uso kwa uso. Jike, kiwele kimejaa. Nyuma yake Dubow, kamba mkononi.

"Friza ilikuwa na ila," akasema. "Chukua."

Namjua ngamia huyu. Ndiye pekee ambaye Dubow amemweka mjini. Wajukuu wake hunywa maziwa yake. Nikakataa kamba. Akainyoosha tena.

"Maalim, unanitukana mbele ya nyumba yako."

"Na wewe unataka ninywe maziwa ya watoto!"

Tukasimama hivyo, wazee wawili na kamba katikati. Majirani wakatoka. Osob naye akatoka, safari hii akiongea kwa sauti kamili.

"Dubow, walaal, ndugu yangu, ngamia ni wako?"

"Si wangu. Wa mumeo."

"Maalim, ni wako?"

"Hata. Wa Dubow."

"Basi hana mwenyewe. Tumpeleke kwa Shuaib, huko ndiko ila ilikotoka."

Akaishika kamba yeye. Tukamfuata.

Sasa ngamia amefungwa kwenye nguzo ya mlango wa duka, kichwa kiko ndani kati ya feni na majiko. Dubow amemkama hapo hapo, na Osob anauza maziwa kwenye ngazi. Kila mnunuzi anauliza kwa nini hapa. Osob anamweleza kila mmoja, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Rukiyo muuza nguo alikuwa ndani akichagua friji; amesikiliza, ameirudisha pochi kwapani, amenunua maziwa.

Shuaib amekuja kwangu mara mbili. "Adeer, mwambie mama asogee kidogo." Nikamwambia mimi sina biashara naye, aongee na Dubow.

Kabla sijaondoka alitoka na kiti, kile cha kwake chenye mto. Akakipangusa, akakiweka mbele ya Dubow.

"Kaa basi, Dubow. Tuongee."

Dubow alikitazama kiti. Akamtazama Osob, aliyekuwa akimmiminia mtu maziwa na kujifanya haoni. Nilipokata kona alikuwa bado amesimama.

Mtungi umejaa. Narudi huko nikaone kama amekaa.