Kispaniola cha Wastaarabu

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kondele hatujambo. Mamako amerudi jana kutoka Katito, na babu yako bado anagombana na redio. Unauliza kama ukubali kuimba lugha moja tu, kama wanavyotaka wenye ukumbi huko ughaibuni.

Bendi yetu ya ujanani ilikuwa ya watu wa kuja: gitaa Mkongo, ngoma Mganda, mwimbaji mimi kutoka Bukoba. Tulipiga rumba kwa Kilingala, Kijaluo, Kiswahili na Kispaniola, lugha ya Wahispania, tulichokariri kwenye santuri. Mwenye baa tulimokuwa tukipiga akatuamuru tubaki na Kispaniola, eti ndicho cha wastaarabu.

Jumamosi hiyo, katikati ya wimbo, mama muuza samaki akainua mkono tunyamaze ajisifu, ile desturi ya Wajaluo iitwayo pakruok. "Endeleeni kupiga," mwenye baa akafoka. Tukaweka vyombo chini. Mama akajisifu mpaka akatosheka, nami nikamjibu kwa Kijaluo changu cha kuombea maji.

Tulifukuzwa. Wiki iliyofuata tukapiga muziki mtaani Obunga, na yule mama akaja na soko zima.

Hicho Kispaniola, mpaka leo sijui nilikuwa nikiimba nini. Majisifu ya yule mama nayakumbuka yote.

Dani, bibi yako