Meno Yetu Hayauzwi

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Biashara bomba. Suruali zote za mitumba zimekwisha sokoni Kwa Mrombo, pamoja na koti la Mzungu ambaye bila shaka alikuwa na mikono kama twiga. Mzee aliyelinunua nilimwambia limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kaamini. Mdomo wangu ndio mtaji wangu. Na kidato cha pili niliacha mwenyewe, wanaosema nilifukuzwa waendelee kusema.

Nimerudi nyumbani Nduruma na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Mama kanuna. Kumbe mgeni wa serikali kapita. Binti wa Kichaga, anaitwa Aikande, wa idara ya maji. Anakaa Sekei, mjini, anaendesha pikipiki. Anataka kutazama meno ya watoto wote wa kitongoji chetu. Na miguu.

Watu wa maji na meno wapi na wapi?

Jumatano, 4 Septemba

Kikao cha kitongoji. Nimekwenda kumsikiliza huyo Aikande. Anasema maji ya kisima chetu yana kitu kinachoharibu meno ya watoto na kupinda mifupa. Meno ya kahawia ndiyo dalili ya kwanza. Watapita kila kitongoji, watoto watatazamwa, halafu yote yataingizwa kwenye kompyuta mjini. Kompyuta itaonyesha wapi watoto wanaumia zaidi. Huko ndiko bomba la maji ya mlimani litafika kwanza, maana fedha hazitoshi kwa wote.

Maneno matamu. Mimi ni muuzaji, najua maneno matamu yanavyopikwa.

Nikanyoosha mkono. "Dada, si upime maji, uache midomo yetu?"

"Maji tumeshapima, kaka. Visima karibu vyote ni vibaya. Sasa tunataka kujua pa kuanzia. Halafu wewe, mbona unacheka umefunika mdomo?"

Watu wakaangua kicheko. Sikupenda.

Ni tabia yangu tu. Meno yangu ni ya kahawia kama ya kila mtu hapa. Kwa wasichana natabasamu midomo ikiwa imefungwa. Wanadhani nina siri kubwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimewaza. Mnadani ng'ombe anafunuliwa mdomo lini? Akikaribia kuuzwa. Meno kwanza, halafu miguu, halafu bei. Kiwanda alichofanyia kazi Baba kimeuzwa. Shamba kubwa la umma limeuzwa. Magari ya umma yameuzwa. Kila kitu cha umma sasa kinatafutiwa mnunuzi. Kimebaki nini? Umma wenyewe.

Nimeimwaga hiyo kwa kinyozi. Washikaji wakacheka mpaka wembe ukasimama. Jioni nimeikuta kwenye foleni ya kusaga mahindi. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Nilisema kwa mzaha. Nadhani.

Jumamosi, 7 Septemba

Ushindi! Aikande kapita nyumba kwa nyumba, kaambulia patupu. Watoto wakubwa wamepelekwa machungani pamoja na mbuzi. Wadogo nimewafundisha mchezo wa bubu: anayefungua mdomo kashindwa, asiyefungua anapata andazi. Bingwa ni Neema, mtoto wa dada yangu Anaeli. Ana miaka minne na kichwa kigumu kama changu. Kapewa pipi, kakataa. Kachekeshwa, kavuta pua tu. Mguu nao kaukalia. Kitongoji kizima Aikande kaona watoto wawili, na mmoja hajaota meno.

Wenzetu wa ng'ambo ya korongo walifunua midomo kama makinda. Tumewacheka sana.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya ibada watu wote mbio ofisi ya kijiji. Ramani imebandikwa, imetoka kwenye kompyuta. Ng'ambo ya korongo pana rangi nyekundu. Kwetu peupe kabisa.

Nyeupe si ndiyo safi? Watu wamefurahi. Mzee Loshilu, mwenyekiti wa kitongoji, kaninunulia pombe ya mbege mbele za watu. Kasema kitongoji kikiwa na vijana kama mimi hakiuziki. Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Aikande alikuwa kando ya pikipiki yake. Hakucheka wala kukasirika. Simwamini mtu asiyekasirika.

Jumatano, 25 Septemba

Mtaro unachimbwa. Unatoka juu, unapita pembeni yetu, unavuka korongo. Huku hautupi hata salamu.

Jioni Anaeli alikuwa anamwogesha Neema, nikamshikia mtoto asimame wima. Nimepitisha ngumi yangu katikati ya magoti yake. Imepita. Mwaka jana, alipokuwa anakimbilia baiskeli yangu, miguu yake ilikuwa imenyooka kama ya mtoto yeyote. Matege yameanza lini? Nimemuuliza Anaeli. Kaendelea kumwagia mtoto maji.

Maji yale yale.

Nina hasira. Sijui ya nani.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo sikupanga nguo. Nimekwenda mjini, ofisini kwa Aikande. Hiyo kompyuta yenyewe imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi.

Nimemwambia mashine yake mwongo. Kanikalisha.

"Mashine inajua nilichoiambia tu. Kwenu niliiambia hakuna mtoto mwenye meno mabaya."

"Si ulijua tumewaficha!"

"Nilijua. Nilitakiwa kuiambia sijaona. 'Sijaona' na 'hakuna' si kitu kimoja. Hapo nilikosea mimi, na nimemweleza mkubwa wangu."

"Basi badilisha. Bonyeza hapo, tuwe wekundu."

"Nikiwapakeni rangi bila kuona, kesho atakuja mwenye mjomba wizarani naye apakwe. Bomba litakwenda kwa mwenye mjomba. Wewe mjomba unaye?"

Sina. Nikamuuliza sasa tufanyeje. Kuna tawi la pili la bomba, litapangwa mwezi huu unaokuja. Wiki ijayo Jumamosi atakaa kisimani kwetu asubuhi. Hatagonga mlango wa mtu. Anayetaka aje.

Kwa nini ananifanyia wema? Nimewaza njia nzima, baiskeli nikiisukuma kwa mkono. Tairi lilikuwa na upepo wa kutosha.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimepita nyumba zote kuwaambia wampeleke kila mtoto kisimani. Wananitazama kama mgonjwa. Kinyozi kauliza wamenipa kiasi gani. Mama Eliya kafunga mlango nikiwa bado naongea.

Mzee Loshilu ndiye kaniumiza. Nimemwamkia shikamoo, kaitika marahaba, halafu kasema, "Kijana, mwezi jana tulikuwa ng'ombe, tunauzwa. Leo umekuja wewe na kamba. Umekuwa dalali?"

Mimi! Koti la twiga nimeliuza, lakini ukweli mmoja umenishinda kuuza.

Hata Anaeli hataki. Anasema miguu ya Neema watu watakuja kuiimba mitaani. Nimemwambia aimbe mtu nimwone.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika kabla sijalala, vinginevyo nitaanza kuongeza chumvi.

Aikande kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya kisima. Wanawake walikuja kuchota kama kawaida, watoto mgongoni, kanga zimevutwa juu mpaka kwenye pua za watoto. Walichota polepole sana. Walitaka kuona nani ataanza. Mzee Loshilu alisimama na fimbo yake kama anasubiri ng'ombe.

Anaeli alikuja. Sikutegemea. Kamweka Neema mbele ya Aikande, akageuza uso.

Neema kafunga mdomo. Kaukaza mpaka mashavu yakatetemeka. Aikande kambembeleza. Anaeli kambembeleza, kisha kamfinya. Machozi yakatoka, mdomo haukufunguka. Na muda wote alikuwa ananitazama mimi. Anataka kujua kama bado anashinda. Anasubiri andazi.

Nimechuchumaa mbele yake. Wasichana wote wa kitongoji walikuwepo, yule ninayempenda wa kwa fundi cherehani naye. Nikaondoa mkono mdomoni. Nikafungua mdomo wote, mpaka magego, kama kiboko.

"Neema, nimeshindwa. Ona. Umeshinda wewe."

Kanikodolea macho. Sijui kama aliwahi kuyaona meno yangu yote. Halafu kacheka. Kacheka kwa sauti, kichwa nyuma, mdomo wazi, na Aikande akainama taratibu akatazama. Kisha magoti.

Mama Eliya kashusha kanga, kamtoa mwanawe. Kisha mwingine. Mwishoni Mzee Loshilu naye kasogea. "Nitazame na mimi, binti. Lakini siuzwi."

"Hata ukiuzwa, baba, kwa meno haya sitakununua," Aikande kajibu. Mzee kacheka mpaka kaegemea fimbo.

Nikamuuliza yangu yakoje. Kasema kwa waliofungua leo, mabaya kuliko yote ni yangu.

Angalau nimeongoza.

Andazi nimelipa. Mawili.

Jumapili, 3 Novemba

Ramani mpya imebandikwa. Sisi ni wekundu. Safari hii hakuna mbege.

Jana walikuja watu wawili na kamba, wakapigilia vigingi kutoka korongoni mpaka karibu na kisima. Nimewauliza bomba linakuja lini. Wamesema likija tutaliona. Kigingi si maji. Kiwanda cha Baba nacho kiliwekewa vigingi kabla hakijauzwa.

Kuhusu miguu ya Neema, Aikande hajaahidi kitu. Kasema bado mdogo, akianza sasa maji mazuri huenda ikanyooka. Huenda. Anaeli sasa anavuka korongo kila asubuhi na kidumu kidogo, maji ya mtoto peke yake. Wenzetu wanampa. Kwanza wanamcheka.

Jioni nimekaa kwenye jiwe karibu na kigingi cha mwisho. Neema alikuwa anakizunguka, ananionyesha meno, ananidai na mimi nimwonyeshe. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Mbuzi wa Mama Eliya kaja kujikuna hapo. Nimemfukuza. Karudi. Nimemfukuza tena.

Si kwamba naiamini serikali. Kigingi chenyewe hakijakaza vizuri, na yule mbuzi namjua.