Mashimo Matatu ya Ming'oko

Nandagala, Ruangwa
18 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote wa hapo Marambo: kaka Protasi na mkewe, wajukuu zako, na yule jogoo mkorofi anayefukuza wageni. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umempa jirani kama ile ya mwaka jana? Sisi huku hatujambo. Ufuta tumeshavuna, mikorosho imeanza kutoa maua, na mume wangu Geofrey anakusalimu sana, anasema mkwe wake asimsahau kwenye sala.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu ya hapo nyumbani unajua ilivyo. Kaka Protasi akiipokea anaiweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza kukuamkia, nusu ya Marambo imeshajua nimepika nini. Haya ninayokuandikia nataka uyasome mwenyewe, umevaa miwani, umekaa. Ni habari njema, usianze kuogopa.

Kwanza, msitu wetu haukufungwa! Natamani ungekuwepo uone wanawake walivyocheza pale kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana kwenye simu nilikuwa nakupa vipande vipande tu.

Miaka miwili iliyopita alikuja mtaalamu wa misitu, kijana mpole anaitwa Harithi, kuhesabu mimea ya msitu wa kijiji. Alikuja mwezi wa tisa, jua linawaka. Akazunguka siku tatu na daftari lake akitafuta viazi vyetu vya porini, hakuona hata mng'oko mmoja. Akaandika kwamba ming'oko imekwisha kwa sababu wanawake wanaichimba ovyo. Mama, mwezi wa tisa! Wakati huo majani yameshapukutika, kilichobaki juu ni kijikamba kikavu ambacho asiyekijua anakiruka bila kukiona. Bibi Hajira, mkubwa wetu sisi wachimbaji, aliposikia alimfuata kule kule msituni akamwomba asogeze mguu. Akachimba pale pale alipokuwa amesimama, akatoa ming'oko minne, akamwambia kwamba muda wote huo alikuwa ameikanyaga. Harithi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nilimpenda, maana wapo wasomi ambao wangenuna.

Ila karatasi ilikuwa imeshafika kwenye kamati ya msitu, kwa mwenyekiti wake, Mzee Saturnini. Mzee Saturnini si mtu mbaya, lakini akishika karatasi yenye muhuri hasikii la mtu. Akataka msitu ufungwe miaka kumi, asiingie mchimbaji yeyote. Tulilia, mama. Si kwa ajili ya tumbo peke yake. Miaka kumi ni mingi, na msichana ambaye hajaingia msituni na mama yake atajifunzia wapi kuchimba? Ujuzi wenyewe ungetufia mikononi.

Harithi ndiye aliyetuokoa kwa wazo lake. Alipima vipande viwili vya msitu vinavyolingana. Kimoja akakizungushia kamba, asiguse mtu. Kingine akatuachia tuchimbe kwa desturi yetu, ile ile uliyonifundisha: unatumia mti uliochongwa ncha, jembe marufuku, unachukua ming'oko lakini kichwa chenye kamba yake unakiacha ardhini, unafukia shimo kwa udongo laini, na pale ulipochimba hurudi mpaka msimu upite. Makubaliano yakawa kwamba baada ya misimu miwili tuhesabu. Kipande chetu kikizidi, msitu ubaki wazi kwa masharti yetu wenyewe. Kisipozidi, tunyamaze.

Safari hii alihesabu mwezi wa nne, kila kitu kikiwa kibichi, na Bibi Hajira nyuma yake akimsahihisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji mwishoni mwa mwezi wa saba. Kipande kilichofungwa kilikuwa na mashina arobaini na moja. Chetu, mama, tisini na sita! Harithi akaeleza kwamba kule kusikochimbwa udongo umekaza na nyasi zimesonga, na kwamba sisi tunapochimba na kufukia tunakuwa kama tumelima. Alisema mbele ya watu wote kwamba ile karatasi yake ya kwanza ilikosea. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Ndipo Mzee Saturnini akasimama na mfuko. Akaumwaga juu ya meza, vikatoka vichwa vya ming'oko vimekauka, vimekatwa kwa jembe. Akasema wiki ile ile alikuta kwenye kipande chetu mashimo matatu yameachwa wazi, vichwa vimetupwa pembeni. Hesabu ni nzuri, akasema, lakini leo ni mashimo matatu, mwakani yatakuwa thelathini, na sisi wanawake hatuna namna ya kumzuia mtu wa namna hiyo.

Bibi Hajira hakumjibu yeye. Alitugeukia sisi. Akasema namna ya kuzuia tunayo, nayo ni kwamba mchimbaji akikosea anasema na wenzake wanamsahihisha. Kama aliyechimba mashimo yale yuko kati yetu na anajificha, basi Mzee Saturnini ana haki, msitu ufungwe, na yeye Hajira mwenyewe atakuwa wa kwanza kutia sahihi. Kisha akakaa, akakunja mikono.

Mama, nilisimama mimi.

Ndiyo, mimi Lusiana, mwanao, niliyeanza kushika mti wa kuchimbia nikiwa na miaka saba, na wewe ukinipiga vidole kila nilipong'oa kichwa. Nilimshika bega mchimbaji mwenzangu Mwanne aliyekaa mbele yangu. Nikasema mashimo yale ni yangu. Nikasema niliingia msituni peke yangu saa saba mchana, nimechukua jembe kwa haraka, nikasikia sauti za walina asali wanakuja, nikakimbia bila kufukia. Watu waliguna. Mzee Saturnini akauliza njaa gani hiyo ya kumtoa mtu nyumbani na jembe, wakati ufuta umejaa ghalani.

Bibi Hajira akasimama tena. Halafu akaniuliza kama ile ming'oko niliichemsha. Nikasema hapana, niliila mbichi, njiani. Akauliza kama nilikula na udongo wake. Nikasema ndiyo, nimeinamisha kichwa. Mama, wanawake wote walielewa kwa pamoja. Vigelegele vya mara hii vilizidi vya kwanza, na Mwanne akaanza kucheza akiwa bado amekaa. Wanaume wakawa wa mwisho kujua, kama kawaida yao, na wa mwisho kabisa alikuwa Geofrey wangu, aliyekuwa anauliza kila mtu kuna nini. Alipoambiwa alikaa chini, akasimama, akaenda kumkumbatia Harithi. Kwa nini Harithi, mpaka leo hajui.

Ni miezi minne sasa. Nisamehe kwa kukuficha. Ile mimba ya kwanza nilikwambia mapema, na ya pili pia, na mara zote mbili ulikuwa umeshaanza kutafuta majina wakati mimi nalala hospitali nikilia. Mara hii niliapa nisimwambie mtu yeyote mpaka nimwone mtoto. Ndiyo maana niliogopa kuwaomba wenzangu wanichimbie, nikaenda peke yangu kama mwizi, na kwa hofu yangu nikakaribia kuwafungia msitu wote. Lakini niliposimama pale nilijisikia mwepesi, na daktari wa hospitali ya misheni anasema safari hii kila kitu kiko sawa. Nina furaha, mama. Nina furaha mpaka naogopa kuisema.

Mzee Saturnini alitia sahihi, msitu uko wazi, na masharti yetu yameandikwa na kupigwa muhuri, kwa hiyo sasa anayasikia. Adhabu yangu ilikuwa kufukia mashimo matatu na kupanda kichwa katika kila moja, wenzangu wakisimamia. Nilishafanya. Na wamenikataza kuchimba hadi nijifungue.

Ukiweza kusafiri, njoo baada ya mavuno ya korosho. Ukishuka Ruangwa mjini Geofrey atakupokea na pikipiki, ataendesha polepole kwa ajili ya goti. Nisalimie wote, mwambie kaka Protasi hii asiisome kwa sauti. Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta bakuli la ming'oko ya kuchemsha, na sijui ni la nani. Leo mabakuli yalikuwa matano.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Lusiana